Anakufa au Anadanganya? Maumivu Sugu na Kuachishwa Dawa za Jamii ya Afyuni

Saa nane za usiku, mama mmoja jirani yetu hapa Bombo, Uganda, alinigongea mlango akiwa na tochi ya simu mkononi na leso begani. Kwa kuwa huwa naandika habari za afya, majirani hunihesabu kama nusu daktari, jambo ambalo nimechoka kulikanusha. "Mwanangu," aliniambia, "njoo umtazame huyu mtoto. Niambie ukweli tu, usinifiche: anakufa au anadanganya?"

Mtoto mwenyewe ni mwanamume aliyepita miaka 30, mwendesha bodaboda, ambaye mwaka mmoja na nusu kabla ya usiku huo aligongwa na lori katika barabara ya Kampala kwenda Gulu akavunjika mfupa wa paja. Mfupa uliunga, lakini maumivu ya nyonga na mgongo hayakuondoka. Nilimkuta amejikunja mkekani chini ya blanketi zito huku jasho likimtiririka, akipiga miayo mfululizo kama mtu aliyekesha wiki nzima, ilhali usingizi wenyewe hana. Pua na macho vilimchuruzika. Malaika ya mikononi yalikuwa yamesimama na ngozi imefanya vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Miguu haikutulia hata dakika moja. Siku moja na nusu kabla, mama yake alikuwa amekuta kapsuli za tramadoli, dawa ya maumivu, chini ya godoro, akazihesabu, akalia, kisha akazitumbukiza zote chooni.

Hakuwa anakufa, na wala hakuwa anadanganya. Lakini kumweleza mama yule kwa nini ilinichukua hadi adhana ya alfajiri, kwa sababu jambo hili limefunikwa na maneno mengi yasiyoeleweka: habari za Marekani zinazotufikia kwa simu kuhusu watu wanaokufa kwa dawa za maumivu, matangazo ya wauza mitishamba wanaonadi chupa za "ditoksi" kwenye paki za taksi, na hofu ya zamani kwamba anayepewa mofini ameshaandikiwa kaburi. Makala haya ni yale niliyomweleza usiku ule, pamoja na yale niliyopaswa kumweleza nikayasahau.

Maneno yanayochanganywa

Afyuni ni utomvu uliokaushwa wa tunda la mmea uitwao mpopi, na ndani yake mna mofini na kodeini. Heroini hutengenezwa kutokana na mofini. Petidini, tramadoli, fentanili na methadoni hutengenezwa viwandani bila kuhitaji mmea huo, lakini zote hushika mahali palepale katika ubongo na uti wa mgongo, na ndiyo maana huwekwa katika ukoo mmoja unaoitwa opioidi, yaani dawa za jamii ya afyuni. Dawa ya kikohozi yenye kodeini, sindano ya petidini anayochomwa mtu baada ya upasuaji na unga unaouzwa vichochoroni ni ndugu wa ukoo huo, hata kama hawafanani sura wala nguvu.

Maumivu sugu, kwa kipimo cha madaktari, ni yale yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3. Yapo maneno mengine matatu ambayo watu huyatumia kana kwamba ni moja. La kwanza ni mwili kuzoea dawa, hali ambayo kipimo kilichotuliza maumivu mwezi wa kwanza hakitulizi tena mwezi wa tano. La pili ni utegemezi wa mwili, yaani mwili umejipanga upya kuishi na dawa hiyo, na ikikatwa ghafla unaasi. La tatu ni uraibu, hali ya kupoteza uwezo wa kujizuia: mtu anaitamani dawa kupita kiasi, anaendelea kuitumia ingawa inamharibia kazi, ndoa na afya, na siku yake nzima inazunguka swali la kipimo kijacho kitatoka wapi.

Tofauti ya maneno hayo si ya kamusi tu. Karibu mtu yeyote anayemeza dawa hizi kila siku kwa wiki kadhaa atapata utegemezi, awe bibi mwenye saratani anayefuata maagizo ya muuguzi kwa dakika na saa, awe kijana anayenunua kwa siri. Utegemezi hauulizi tabia ya mtu. Uraibu ni jambo la ziada, linaloweza kuwapo au kutokuwapo. Jirani yangu alikuwa na utegemezi bila shaka yoyote, na alama kadhaa za uraibu pia, maana alikuwa akificha, akikopa, na kupita duka moja la dawa baada ya jingine ili asijulikane. Hata hivyo alianza kwa sababu ya kuaminika kabisa: bila vidonge hivyo hakuweza kukaa juu ya pikipiki zaidi ya saa moja, na pikipiki ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Kinu kinapozimwa

Ukitaka kuelewa kinachompata mtu anapoachishwa, fikiria nyumba zilizo karibu na kinu cha posho. Mashine inaunguruma tangu asubuhi. Wiki ya kwanza wapangaji wanalalamika, wiki ya tatu hawaisikii tena, na bila kujua wamekuwa wakizungumza kwa sauti ya juu ili wasikizane. Mama anamwita mtoto kwa kupaza sauti, watu wanasalimiana kwa kelele, na kwao hayo ndiyo mazungumzo ya kawaida. Halafu umeme unakatika. Kinu kinanyamaza ghafla, lakini wapangaji bado wanapiga kelele, sasa katika kimya kitupu, na kwa muda nyumba nzima inasikika kama imepatwa na ugomvi.

Dawa za jamii ya afyuni ni mngurumo wa kinu hicho. Hupunguza ujumbe wa maumivu, lakini pia huzubaisha kazi nyingine nyingi: hupunguza mwendo wa matumbo, hubana mboni za macho, huleta usingizi, hutuliza wasiwasi na kupunguza kasi ya pumzi. Mwili haukubali kuzubaishwa milele, basi mishipa ya fahamu inayohusika na kukesha, mapigo ya moyo, jasho na matumbo hupandisha sauti yake kidogo kidogo ili kazi iendelee. Siku dawa inapokatwa, mishipa hiyo bado inapiga kelele. Ndiyo maana dalili za kuachishwa ni kinyume cha kila kitu ambacho dawa ilikuwa ikifanya: aliyefunga choo anaendesha, mboni zilizokuwa kama ncha ya sindano zinatanuka, aliyekuwa akisinzia anakesha, aliyekuwa mtulivu anahangaika kama anayetambaliwa na siafu, na aliyekuwa hasikii maumivu anayasikia mara mbili. Huko pwani ya Kenya na Tanzania hali hii huitwa arosto.

Kwa dawa zisizokaa sana mwilini, kama heroini, mofini ya kawaida au tramadoli, dalili huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya kipimo cha mwisho, na hudumu kwa siku 4 hadi 10. Kwa methadoni, ambayo huondoka polepole, huchelewa kuanza na zinaweza kudumu siku 10 hadi 20. Usingizi mbovu na unyonge wa moyo huweza kubaki kwa wiki nyingi baada ya hapo, na hili huwavunja moyo ndugu waliodhani kwamba siku ya 11 ni siku ya kurudi kazini.

Hapa ndipo neno ditoksi linapotupoteza. Linatufanya tuione damu kama mtungi uliochafuka, na tiba kama maji ya kuusuuza. Kwa kweli dawa yenyewe hutolewa na ini na figo bila msaada wa mtu. Nusu ya tramadoli iliyo mwilini huondoka kwa takriban saa 6, nusu ya iliyobaki kwa saa 6 nyingine, na hivyo hivyo, kiasi kwamba ndani ya siku mbili hubaki kidogo mno. Saa ile nilipomkuta jirani yangu akiwa katika hali mbaya kuliko zote, sehemu kubwa ya dawa ilikuwa imekwisha kutoka. Hakukuwa na cha kusuuza. Kilichohitajika ni muda, na msaada wa kuufundisha mwili kushusha sauti. Chupa za majani zinazoharisha humzidishia tu upungufu wa maji mtu ambaye tayari anaharisha na kutapika. Wauzaji wake, niseme ukweli, wanajua kuzungumza na watu kuliko madaktari wetu wengi, na hilo si kosa la wauzaji.

Je, anaweza kufa?

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, kuachishwa dawa za jamii ya afyuni kunatesa sana lakini ni nadra kuua. Jibu hilo lina pembe zake, na kila mlezi anapaswa kuzijua. Kutapika na kuharisha kwa siku kadhaa bila kurudisha maji kunaweza kuua, kama kipindupindu kinavyoua. Mwanamke mjamzito hapaswi kukatishwa dawa hizi ghafla, kwa kuwa mimba inaweza kutoka au uchungu kuanza kabla ya wakati. Yeye hutibiwa hospitalini kwa dawa mbadala hadi ajifungue. Anayechanganya na pombe nyingi ya kila siku, au na vidonge vya usingizi kama Valium, yuko katika hatari ya namna nyingine, maana kuachishwa pombe na vidonge hivyo ghafla kunaweza kuleta kifafa na kifo. Huyo asiachishwe nyumbani hata kidogo.

Tramadoli nayo ina ukaidi wake. Pamoja na kushika mahali pa afyuni, hugusa kemikali nyingine za ubongo zinazohusika na hali ya moyo. Ikimezwa kwa wingi inaweza kuleta kifafa, na inapokatwa, baadhi ya watu hupata hofu ya ghafla, kuchanganyikiwa, hata kusikia au kuona visivyokuwapo. Usiku wa pili jirani yangu aliona watu mlangoni, na kwa desturi za mtaa wetu lilizuka neno la majini. Shehe aliitwa. Alimsomea, akamwekea mkono kichwani, kisha akasema mwenyewe kwamba kisomo hakizuii hospitali, na asubuhi tukaondoka naye.

Maumivu yaliyokuwapo na maumivu ya kuachishwa

Sehemu ngumu kuliko zote ni hii, na ndiyo ambayo familia nyingi huishindwa. Mtu anayeachishwa akiwa na maumivu sugu ana maumivu ya aina mbili yanayokaa katika mwili mmoja. Yapo ya zamani, ya nyonga na mgongo, na yapo mapya yanayoletwa na kuachishwa kwenyewe. Yeye mwenyewe hawezi kuyatenganisha, na anapolia kwamba maumivu yamerudi maradufu, anasema kweli. Ndugu wakimjibu kwamba ni uteja tu unaomsumbua, wanamfunza kitu kimoja: kwamba hapana faida ya kusema ukweli nyumbani.

Zipo dalili zinazosaidia kuyatofautisha. Maumivu ya kuachishwa husambaa mwili mzima, kwenye mifupa na misuli, hufuatana na miayo, mafua, vipele vya baridi na kuharisha, na hupungua siku baada ya siku. Maumivu ya zamani hukaa mahali pake, huchochewa na mambo yaleyale, kama kuinama, kubeba ndoo au kukaa sana, na hayafuati kalenda ya kuachishwa. Yapo pia ya namna ya tatu ambayo watu wengi hawajawahi kuyasikia: dawa za jamii ya afyuni, zikitumiwa muda mrefu na kwa kipimo kikubwa, zinaweza kuzifanya neva ziwe na wepesi wa kuumia kuliko mwanzo, hadi mguso wa kawaida ukauma. Mgonjwa anaongeza dawa kwa sababu anaumia, na anaumia zaidi kwa sababu ameongeza dawa. Wapangaji wa kinu, kwa mfano wetu, wamezoea kupayuka hata panapotosha kunong'ona. Kwa mtu wa aina hiyo, maumivu ya zamani hupungua baada ya kuachishwa, ingawa si katika wiki za kwanza, na ni muhimu aambiwe hivyo mapema.

Swali linalofuata ni kama dawa hizo zilikuwa zikisaidia tangu mwanzo. Kwa maumivu makali ya muda mfupi, kama ya mfupa uliovunjika leo au upasuaji wa jana, zinasaidia sana na ni ukatili kumnyima mtu. Kwa maumivu ya mgongo au ya viungo ya miaka, hali ni tofauti. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa 240 kwa miezi 12, uligundua kwamba waliopewa dawa za jamii ya afyuni hawakufanya kazi zao za kila siku vizuri kuliko waliopewa dawa za kawaida kama parasetamoli na za kupunguza uvimbe, na madhara waliyoyapata yalikuwa mengi zaidi. Kijana wetu hakupoteza dawa iliyokuwa ikimponya. Alipoteza dawa iliyokuwa imemzoesha.

Lakini tahadhari, maana hapa ndipo hofu inapowaonea wasiohusika. Mgonjwa wa saratani hayumo katika maelezo hayo, wala mgonjwa wa selimundu (sickle cell) aliyepatwa na shambulio la maumivu. Nimewahi kumsikia mwanamume akimkatalia mama yake mzazi chupa ya mofini kwa sababu amesoma habari za Marekani. Uganda ina historia yake katika jambo hili, na ni historia ya kujivunia. Hospice Africa Uganda, shirika la huduma shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wagonjwa, ilianzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, na kutoka makao yake ya Makindye mofini ya maji ya kunywa, inayochanganywa kutokana na unga wake na kutiwa rangi ili nguvu ya chupa moja isichanganywe na ya nyingine, imewafikia wagonjwa wengi bila malipo. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea huduma shufaa kuandika mofini, wakati katika nchi nyingi kazi hiyo ilikuwa ya madaktari peke yao. Chupa hiyo haiharakishi kifo ikitolewa kwa kipimo sahihi, na si ya wanaokata roho pekee. Kwa selimundu, ugonjwa ambao uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 13.3 ya watoto wachanga wa Uganda wamebeba chembe yake moja ya urithi, ipo pia dawa ya haidroksiurea: majaribio ya nchi nne za Afrika, yaliyochapishwa mwaka 2019 na ambayo Mbale ilikuwa miongoni mwa vituo vyake, yalionyesha kwamba inapunguza mashambulio ya maumivu kwa watoto kwa zaidi ya nusu. Anayepungukiwa na mashambulio anapungukiwa na haja ya sindano.

Kushusha kwa ngazi

Mama yule alifanya kosa ambalo lilitokana na mapenzi. Kutupa dawa zote kwa siku moja ndiyo njia chungu kuliko zote, na kwa mtu mwenye maumivu sugu ndiyo njia inayoelekea zaidi kumrudisha kwenye duka la dawa, au kwenye kitu kibaya zaidi cha vichochoroni. Mwezi Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa madaktari wasizikate ghafla dawa hizi kwa wagonjwa waliokwisha kuzizoea, baada ya taarifa za maumivu makali, msongo na hata kujiua. Mwongozo uliotolewa nchini humo mwaka 2022 unasema kwamba kwa aliyezitumia zaidi ya mwaka, kupunguza asilimia 10 kwa mwezi, au polepole kuliko hivyo, huvumilika vizuri zaidi kuliko haraka. Rudi kwenye kinu: mashine ikipunguzwa mwendo kidogo kila wiki, wapangaji hushusha sauti bila kujijua.

Kushusha huko hufanywa na daktari aliyekuona, na hakuna aibu kwa mama kurudi hospitalini na kusema kuwa alizitupa. Tulipompeleka, daktari alianzisha tena kipimo kidogo kuliko alichokuwa akijipa mwenyewe, akapanga ngazi za kushuka, akamwongezea dawa ya kutuliza jasho na mapigo ya moyo ambayo haina uhusiano na afyuni. Kwa nyonga alimpa parasetamoli ya saa maalumu, amitriptilini kidogo usiku kwa sababu sehemu ya maumivu yake ilikuwa ya neva, na barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki alizikwepa, maana kijana alikuwa na vidonda vya tumbo. Nataja haya ili msomaji aone jinsi mpango unavyokuwa. Asiyakopi, kwa sababu mwili wa mwanawe si wa huyu.

Kwa mtu ambaye uraibu umekita mizizi, hasa wa heroini, kuachishwa peke yake mara nyingi hakutoshi. Hospitali ya taifa ya rufaa ya Butabika, Kampala, ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya, na mwaka 2020 ilifunguliwa hapo kliniki ya kwanza nchini ya kutibu kwa methadoni na buprenofini. Watu husema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sikubaliani. Methadoni inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi hukaa mwilini kwa kiwango kisichopanda wala kushuka ghafla, hivyo mtu halewi asubuhi na kuteseka jioni, anakwenda kazini. Buprenofini hufanya kazi kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli ukageuka nusu: hutuliza mwili, lakini haufungui mlango wote, na huziba tundu ili ufunguo mwingine usiingie. Kwa sababu hiyo hiyo isipewe mtu ambaye bado ana dawa nyingi mwilini, maana itamtupa katika arosto papo hapo. Kwa mwenye maumivu kuna jambo la kumkumbusha daktari: methadoni huzuia arosto kwa siku nzima, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu huisha baada ya saa 6 hadi 8 hivi, na kwa hiyo mgonjwa mwenye matatizo yote mawili huweza kuhitaji dozi igawanywe au maumivu yatibiwe kando.

Kazi ya aliye nyumbani

Mama alinunua daftari la kurasa 48, la aina ile wanayotumia watoto wa shule, akachora mistari mitano: saa, dawa aliyopewa, maumivu yako wapi, amelala saa ngapi, amekula nini. Hakuna kitu kilichosaidia kuliko daftari hilo. Ugomvi wa "umeshameza" na "sijameza" ulikwisha, na daktari alisoma wiki mbili kwa dakika tatu. Dawa zenyewe zilikaa katika sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo ukakaa kwa dada yake, kwa ombi la kijana mwenyewe. Nasisitiza ombi lake. Nimeona watu waliofungwa chumbani kwa minyororo kwa jina la tiba, na waliotoka humo walitoka na hasira, wakiwa hawajapata nafuu yoyote.

Kwa kuharisha na kutapika, maji ya chumvi na sukari yanatosha ikiwa pakiti za dukani hazipo: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, kisha anywe kidogo kidogo. Uji mwepesi, ndizi, maji ya vuguvugu ya kuoga, kitambaa cha moto kwenye nyonga. Akishindwa kubakiza hata maji, akiacha kukojoa, akichanganyikiwa, akipata kifafa au akizungumzia kujiua, hapo si pa kungoja asubuhi.

Maneno nayo ni sehemu ya matunzo. Mama alizoea kumwuliza, "Leo umeshinda?" kana kwamba ni mechi, na siku alizoteleza kijana alidanganya ili asimvunje moyo. Dada yake alibadilisha swali likawa, "Leo imekuwaje?" Wageni walioambiwa kwamba ana malaria waliambiwa hivyo kwa uamuzi wake yeye, na nadhani mgonjwa ana haki ya kuchagua nani ajue nini. Mlezi mwenyewe anahitaji kulala. Hilo husemwa na kupuuzwa, lakini usiku wa nne mama yule alimpa mwanawe dozi mara mbili kwa sababu ya usingizi, na ni daftari lililomshtua.

Kuna hatari moja ambayo sikumwambia usiku wa kwanza, na nikikumbuka natetemeka. Mwili ulioachishwa husahau mazoea yake upesi. Kipimo alichokuwa akikimeza bila shida mwezi uliopita, akikirudia leo baada ya wiki mbili za kuacha, kinaweza kumzimia pumzi, na hatari huzidi akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Mara nyingi watu hufa wakati ndugu wameshaanza kushukuru. Mtu aliyezidisha haamki hata akitikiswa kwa nguvu, pumzi zake huwa chache au za kukoroma, mboni huwa kama nukta, na midomo hubadilika rangi. Aite mtu msaada, alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi, na kama pumzi zimekoma apuliziwe mdomoni wakati usafiri unatafutwa. Hospitalini kuna naloksoni, dawa inayoing'oa afyuni mahali iliposhika ndani ya dakika chache, ila nguvu yake huweza kuisha kabla ya afyuni yenyewe, hivyo asirudishwe nyumbani kwa sababu tu amefumbua macho. Nilipomweleza hayo mama, siku nne baadaye, aliniuliza kwa nini sikuyaanzia hayo. Sikuwa na jibu.

Katika mwezi wa tatu wa kushusha dawa nilipita kwao jioni. Kijana alikuwa uani amelala chali juu ya mkeka, akivuta goti moja kifuani na kuhesabu hadi 20 kwa sauti, kama alivyofundishwa, huku wapwa zake wakihesabu pamoja naye na kumkosesha makusudi. Bado alikuwa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini. Mama alinifungulia daftari, ambalo sasa lilikuwa la pili, akaweka kidole kwenye mistari ya wiki ile. "Mwanangu, hii ya kuchoma mguuni usiku, ona, imekuja Jumatatu, Jumanne na jana," alisema. "Ni ya kupunguza dawa au ni ya mfupa?"

Nikamwambia sijui, aandike pia kama siku hizo alikuwa amekaa sana kwenye pikipiki, na Alhamisi waende nalo kwa daktari. Akachomoa kalamu kutoka kwenye kilemba chake, akamwuliza kijana, akaandika.